Paneli za asilimia 34 zimetangazwa: je, ninunue sasa au nisubiri?

Swali: "Mimi ni mama mfanyabiashara wa Kadutu, hapa Bukavu. Nauza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), kuku na juisi baridi, na umeme wa SNEL unakuja na kwenda. Nimeweka akiba ili ninunue paneli za jua za kuendesha frigo, taa na televisheni. Bati la nyumba yangu ni mita 6 kwa 5. Sasa kijana wangu ameona kwenye simu kwamba wataalamu wamefikisha asilimia 34, wengine 47. Kwenye likelemba yetu, kikundi chetu cha kuchangishana pesa, kila mtu ana lake. Shemeji anasema nisubiri, maana za sasa zitakuwa takataka. Mwenzangu anasema huo ni uongo wa wenye viwanda. Mwalimu mmoja anasema hata hiyo 34 ni aibu, jua karibu lote linapotea. Nimsikilize nani? Na paneli yangu ya zamani ya wati 100 niitupe?"

Jibu: Mama, usisubiri. Nunua sasa. Nimetanguliza jibu kwa sababu biashara ya sambaza haina subira, lakini sitaki uondoke nalo peke yake, maana kwenye hiyo likelemba utaulizwa sababu, na shemeji hatanyamaza. Tena hao watatu wote wameshika kipande cha ukweli. Nianze na huyo anayesema ni uongo.

Si uongo. Mwaka 2023 LONGi, kampuni ya China inayotengeneza paneli kwa wingi mkubwa, ilitangaza seli ya jua (kile kipande cha ndani ya paneli kinachogeuza nuru kuwa umeme) yenye ufanisi wa asilimia 33.9, yaani sehemu hiyo ya nuru ndiyo iliyogeuka umeme. Mwaka uliofuata ikafikisha 34.6. Rekodi za namna hii hazikubaliwi kwa maneno ya mwenye kiwanda: seli hupelekwa kwenye maabara huru ya upimaji, inawekwa chini ya taa inayoiga jua, inapimwa, ndipo namba inaandikwa. Ile 47 nayo ipo. Taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ilifikia asilimia 47.6 mwaka 2022.

Hata hivyo hasira ya mwenzako naielewa kabisa. Sisi watu wa Bukavu tumeuziwa mno vitu vyenye namba kubwa: batri zilizoandikwa ampea 200 zinazokufa ndani ya msimu mmoja wa mvua, taa za jua za "wati 500" zisizomulika hata kizingiti cha mlango. Mtu aliyeumwa hivyo akisikia asilimia 34, anakataa kabla hujamaliza sentensi. Anachokosea ni kuziweka kapu moja namba ya maabara na namba ya duka. Ya maabara imepimwa na mtu asiye na cha kukuuzia. Ya duka imechapwa na mtu anayetaka pesa yako. Dukani nitarudi, kwa sababu huko ndiko habari hii ya ufanisi itakapokufaa kuliko unavyodhani.

Kinachokosekana kwenye zile habari za simu ni ukubwa wa kitu kilichopimwa. Seli ile ya asilimia 34.6 ina eneo la sentimita moja ya mraba hivi, kama ukucha wa kidole gumba. Kufanya kitu kizuri kwenye eneo la ukucha ni kazi moja; kukifanya kwenye paneli nzima ya karibu mita mbili za mraba, kwa maelfu kila siku kiwandani, bila doa, ni kazi nyingine. Na ile ya 47.6 imejengwa kwa tabaka nne za vifaa vya bei ghali sana, ikapimwa chini ya nuru iliyokusanywa kwa lenzi ikaongezwa mamia ya mara. Mtambo wa aina hiyo unahitaji mota ya kuufuatisha na jua tangu asubuhi hadi jioni, na anga isiyo na wingu. Sioni tutakapoupata huku kwetu, ambako wingu linashuka kutoka mlimani saa nane mchana bila kubisha hodi.

Sasa asilimia yenyewe ina maana gani? Jua la mchana anga ikiwa safi huleta karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Paneli yenye ukubwa wa mita moja ya mraba na ufanisi wa asilimia 20 inakupa wati 200. Ikiwa ni asilimia 34, inakupa 340. Basi. Ufanisi unakwambia ni nafasi kiasi gani ya bati utahitaji ili upate wati unazozitaka. Haukwambii wati hizo zitakugharimu kiasi gani, wala zitadumu miaka mingapi, wala frigo yako italala ikiwa baridi. Wati moja ya paneli ya asilimia 15 na wati moja ya paneli ya asilimia 34 zinachaji batri sawasawa.

Mwalimu naye nimjibu kwa heshima, kwa sababu swali lake lilijibiwa na wanafizikia kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1961 William Shockley na Hans-Joachim Queisser walipiga hesabu ya kiwango cha juu kabisa ambacho seli ya tabaka moja inaweza kufikia, hata ikitengenezwa bila dosari. Hesabu hiyo ikiendelezwa hadi leo inatoa takriban asilimia 33.7 kwa kifaa kinachofaa kuliko vyote. Kwa silikoni, ambayo ndiyo iliyo kwenye karibu paneli zote madukani, ni kama asilimia 29. Sababu ni nuru yenyewe. Jua limechanganya rangi nyingi, na kila rangi huja na nguvu yake. Silikoni hushika chembe za nuru zenye nguvu ya kutosha tu. Zilizo dhaifu hupita bila kuacha kitu, na zilizo kali mno huchukuliwa kiasi kilekile, ziada ikageuka joto. Ndiyo maana rekodi mpya zinatumia tabaka mbili: juu kuna perovskiti, aina ya fuwele, inayoshika rangi zenye nguvu nyingi, chini kuna silikoni inayopokea zilizobaki. Kikomo cha tabaka mbili kiko juu ya asilimia 40. Kwa hiyo 34 si aibu hata kidogo. Mwaka 1954, maabara ya Bell huko Marekani ilipoonyesha hadharani seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa, ilikuwa na asilimia 6, na magazeti ya kule yaliandika kwamba zama mpya zimeanza.

Na kuna jambo ambalo ningependa mwalimu alifikirie. Jenereta ndogo za petroli zinazonguruma mbele ya maduka yetu jioni hazigeuzi hata robo ya nguvu ya petroli kuwa umeme. Kinachobaki ni joto, moshi na kelele. Sijawahi kumsikia mnunuzi akimuuliza muuzaji wa jenereta asilimia yake ni ngapi. Tunauliza inakula lita ngapi, kwa sababu petroli tunailipia. Jua linalopita bila kushikwa halikutoi hata faranga moja mfukoni, kwa hiyo asilimia 80 "inayopotea" kwenye paneli si hasara yako. Hasara yako ni pesa uliyotoa ukapata wati pungufu.

Tuje kwa shemeji, ambaye hoja yake ndiyo yenye uzito, kwa sababu inaweza kukuweka gizani miaka.

Anadhani paneli ni kama simu, kwamba mpya ikitoka ya zamani inaachwa. Nafahamu anakotoa wazo hilo. Lakini simu inaachwa kwa sababu programu mpya zinaikataa. Paneli haikataliwi na chochote. Siku LONGi ilipotangaza 34.6, hakuna paneli hata moja duniani iliyopungukiwa wati. Paneli nzuri ya silikoni hupoteza karibu nusu asilimia ya nguvu yake kwa mwaka, na viwanda vyenye jina huidhamini miaka 25. Ukinunua paneli ya wati 300 leo, mtoto wako anayesoma shule ya msingi atakuwa na watoto wake nayo bado inatoa zaidi ya 250.

Halafu atazame historia ya hiyo perovskiti. Mjapani Tsutomu Miyasaka na wenzake walionyesha seli ya kwanza ya jua yenye kifaa hicho mwaka 2009, ikiwa na asilimia 3.8. Kutoka hapo hadi juu ya 30 ndani ya miaka 15 ni mwendo wa ajabu, na mimi mwenyewe nafuatilia kwa furaha. Tatizo lake ni kudumu. Perovskiti huharibiwa na unyevu, na joto, na hata nuru ileile inayotakiwa kuishika, kwa hiyo lazima ifungwe vizuri sana ndani ya vioo. Nyingi pia zina risasi, ile metali yenye sumu. Paneli za tabaka mbili zilianza kuuzwa kibiashara mwaka 2024, pale kampuni ya Oxford PV ilipopeleka mzigo wa kwanza kwa mteja wa Marekani, na ufanisi wa paneli hizo ulikuwa asilimia 24.5. Ona pengo hilo: maabara 34.6, paneli iliyotoka kiwandani 24.5. Na bado hakuna paneli ya aina hiyo iliyokaa juu ya bati miaka 25 ikatuonyesha imebaki na nguvu gani. Sisi wa Kivu, wenye mvua kuanzia Septemba hadi Mei, na wenye kiwanda kilicho mbali mno kurudishia kitu kilichoharibika, hatuna haja ya kuwa wa kwanza kujaribu. Tuwaachie wenye mikataba na mawakili.

Lakini tuseme shemeji ameshinda, na kesho asubuhi paneli ya asilimia 34 iko sokoni Kadutu kwa bei ileile ya wati. Ungefaidika nini? Tupige hesabu ya nyumba yako. Frigo ya wastani yenye mlango unaofunga vizuri hula kama uniti moja kwa siku, yaani saa-wati 1,000. Taa tano za LED jioni nzima, televisheni saa nne na simu za familia ni kama 400 nyingine. Jumla 1,400. Ongeza kinachopotea kwenye batri, nyaya na konvertisa (kifaa kinachogeuza umeme wa batri kuwa umeme wa nyumbani), paneli zinatakiwa kutoa kama 2,000 kwa siku. Bukavu tuna jua linalolingana na saa 4 hadi 5 za mchana mkali kwa siku ya wastani. Kwa hiyo wati 450 zingetosha kwenye karatasi. Mimi ningekuwekea 600 kwa ajili ya wiki za mawingu.

Wati 600 kwa paneli za kawaida za asilimia 20 zinachukua mita 3 za mraba. Kwa paneli za asilimia 34 zingechukua chini kidogo ya mita 1.8. Bati lako lina mita 30. Ungekuwa umesubiri miaka ili uokoe mita moja na robo ya bati ambalo hukulipangia kazi nyingine yoyote. Na katika miaka hiyo barafu ingeyeyuka mara ngapi, na petroli ungenunua lita ngapi?

Shemeji angesema bei itashuka, hapo ningemsikiliza zaidi. Bei imeshuka kwa namna isiyo na mfano. Katikati ya miaka ya 1970 wati moja ya paneli iligharimu zaidi ya dola 100 kwa thamani ya pesa ya miaka hii. Mwaka 2024 kiwandani China ilikuwa chini ya senti 15 za dola. Ufanisi wa paneli za kawaida katika muda huo haukuongezeka hata mara tatu, bei ikashuka mara mamia. Maana yake kilicholeta nafuu kubwa kwa mnunuzi ni viwanda vikubwa, silikoni inayokatwa nyembamba zaidi na ushindani, ufanisi ukisaidia pembeni. Na sasa paneli imekuwa rahisi kiasi kwamba kwenye mfumo kama wako si yenyewe inayokula pesa nyingi. Batri inakula zaidi. Hapa kwetu ongeza barabara, mpaka, ushuru na faida ya kila mkono uliopitisha mzigo. Hata kiwanda kikitoa paneli bure, hayo yote yangebaki palepale. Kusubiri bei ya China ishuke senti tano ili bei ya Bukavu ishuke ni kusubiri sana.

Sasa nilichokuahidi kuhusu dukani. Kama habari za rekodi zina faida moja ya mkononi kwako, ni hii: zimekupa mpaka ambao muuzaji hawezi kuuvuka. Ukienda kununua, beba mita ya kupimia, ile ya fundi seremala. Pima urefu na upana wa paneli kwa mita, zidisha, upate eneo. Chukua wati zilizoandikwa nyuma, gawa kwa eneo hilo. Jibu likiwa kati ya 180 na 230, namba hiyo inaaminika. Likiwa 150, ni paneli ya teknolojia ya zamani kidogo. Si mbaya kama bei yake inashuka vilevile, maana bati unalo. Paneli bora kabisa zinazouzwa kwa watu wa kawaida leo ziko karibu na asilimia 24, yaani wati 240 kwa mita ya mraba. Ukipata zaidi ya 250, irudishe ulipoikuta.

Nikuonyeshe mfano, kwa sababu niliishika paneli hiyo kwa mikono yangu miwili kwenye duka moja hapa mjini. Nyuma imeandikwa wati 400 kwa herufi nzito. Urefu mita 1.20, upana sentimita 54. Eneo lake halifiki hata mita 0.65 za mraba. Gawa: inadai wati 617 kwa mita, yaani ufanisi wa karibu asilimia 62. Maabara ya Ujerumani, kwa tabaka nne na nuru iliyokusanywa mamia ya mara, haikufika 48. Paneli ile kwa ukubwa wake, hata ingekuwa bora kabisa, isingetoa zaidi ya wati 155 hivi mchana kweupe. Waya uliotoka nyuma ulikuwa mwembamba kuliko wa kuchajia simu, na kwa volti 18 zilizoandikwa, wati 400 zingetaka zaidi ya ampea 22 zipite humo. Mama mmoja aliyekuwa dukani alikuwa tayari ameanza kuhesabu noti. Alipima pamoja nami, akarudisha pesa kwenye kitenge chake, akaondoka. Muuzaji, nadhani, hata yeye hakuwa anajua; aliuza kama alivyouziwa.

Kwa hiyo mwambie mwenzako anayesema yote ni uongo kwamba rekodi ya kweli ndiyo inayomkamata mwongo.

Kuna kipimo cha pili ukitaka uhakika. Kwenye ile karatasi ya nyuma kuna volti na ampea za kazi. Zidisha hizo mbili, lazima zikaribie wati zilizotajwa. Zisipolingana, hata aliyechapa karatasi hakujali. Kisha mwombe fundi mwenye kipimo cha kubana waya kinachosoma mkondo wa moja kwa moja, apime mkondo wa paneli ikiwa juani saa sita mchana, nyaya zake mbili zikiwa zimeunganishwa pamoja. Kama karatasi inasema ampea 10 na kipimo kinasoma 4 chini ya jua kali, umeshajua. Multimita ndogo za bei rahisi zisitumike kwa paneli kubwa, nyingi zinaishia ampea 10 na fyuzi yake itaungua.

Nisikufanye ufikiri kwamba ufanisi hauna maana kabisa. Unaweza kuwa mkubwa sana, na Bukavu ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Wewe una mita 30 za bati. Lakini panda juu kidogo hapo Kadutu: nyumba zimeshikana, familia nne chini ya bati moja, kila mpangaji ana haki ya kipande chake. Mpangaji huyo ana mita mbili za mraba tu, na mti wa parachichi wa jirani unamla moja. Kwake paneli ya asilimia 23 badala ya 15 ni tofauti kati ya kuwasha taa tu na kuwasha taa pamoja na televisheni. Ongeza kubeba: paneli nzito na pana kwenye zile ngazi za udongo, mvua ikinyesha, si mchezo. Watu hao ndio nawaombea paneli za tabaka mbili zifike haraka, zikiwa imara.

Kwako wewe, kivuli kina nguvu kuliko rekodi yoyote. Seli ndani ya paneli zimeungwa mfululizo, kwa hiyo tawi moja linalofunika pembe linaweza kuangusha theluthi ya paneli nzima au zaidi. Mji wetu uko kwenye miteremko. Kuna nyumba ambazo kilima huzinyima jua hadi saa tatu asubuhi, na nyingine hulikosa kuanzia saa kumi. Kabla fundi hajatoboa bati, simama uwani asubuhi, mchana na jioni, utazame kivuli kinaangukia wapi. Hakuna kampuni ya China itakayokufanyia hilo.

Joto pia ni jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Nasikia mara kwa mara kwamba jua letu likichoma sana paneli hutoa zaidi. Nuru ndiyo inayotoa umeme, joto linaupunguza. Kila digrii moja juu ya 25 hukata karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu, na paneli iliyolazwa juu ya bati la moto inaweza kufika digrii 60, ikapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Sisi tuko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni ya baridi, na hiyo ni bahati. Itumie: mwambie fundi aache nafasi ya sentimita kumi kati ya bati na paneli upepo upite. Ailaze kidogo tu, digrii kumi hivi, maana tuko karibu na ikweta na jua linapita karibu utosini. Mwinamo huo unatosha mvua ioshe vumbi.

Pesa yako ielekeze kwenye batri kwanza. Kwa frigo, taa na televisheni usiku, na asubuhi yenye wingu, unataka saa-wati 2,000 zinazotumika kweli. Batri ya kawaida ya risasi ya volti 12 na ampea 200 ina 2,400 kwa jina, lakini ukiishusha chini ya nusu kila usiku unaiua, kwa hiyo utahitaji mbili. Batri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, ya volti 24 na ampea 100, inakupa 2,000 bila kuumia na kufanya hivyo maelfu ya mara. Ni ghali siku ya kwanza. Ukihesabu miaka, ndiyo rahisi. Konvertisa iwe ya mawimbi safi na isipungue wati 1,000, kwa sababu mota ya frigo inapoanza huvuta mara kadhaa ya inachokula ikishatulia. Hapo ndipo konvertisa nyingi za bei ya chini hufia. Na kuna akiba nyingine unayoweza kuiweka bila batri: jaza chupa za maji kwenye frigo, zigande mchana jua likiwa juu. Usiku barafu hiyo itatunza sambaza zako, mota itawaka mara chache, na batri itapumzika.

Paneli yako ya zamani usiitupe. Pima mkondo wake kama nilivyoeleza. Kama bado inatoa wati 80 au 90, hiyo ni taa na simu za nyumba nzima. Usiiunganishe mfululizo na mpya, kwa sababu ndogo itazibana kubwa. Ipe regulateri yake ndogo (kifaa cha kudhibiti kuchaji kwa batri) na batri yake ndogo ya volti 12, iendeshe taa na kuchaji simu peke yake. Siku mfumo mkubwa ukipata hitilafu, utamwita fundi ukiwa na taa ya kumwonyeshea tatizo.